Mwalimu wa Kwaya na Kishikwambi cha Basi

Sidhani kama alilijua jina langu. Nilimwimbia miaka mingi, nikamuuzia vocha, nikambadilishia kioo cha simu, na siku zote hizo aliniita Sauti ya Pili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sauti ya Pili. Wa nyumbani hawajambo?"

Mume wangu, ambaye hajawahi kuumaliza hata wimbo wa taifa bila kupotea, alikuwa Mume wa Sauti ya Pili. Binti yetu alipozaliwa, Mwalimu alikuja kutupa pole na hongera, akamwinamia mtoto kitandani, akamsikiliza anavyolia, kisha akatoa hukumu: "Huyu ni wa kwanza." Basi mtoto akawa Sauti ya Kwanza kabla hajapelekwa kubatizwa.

Nasi tulimlipizia kwa kumwita kwa kazi yake. Lushoto ina walimu wa kwaya wengi kama kabichi, lakini ukisema Mwalimu wa Kwaya, basi, bila kuongeza neno, kila mtu pale stendi alijua unamsema yule mrefu wa koti la kahawia, mwenye kutembea kama anahesabu mapigo, ambaye pia ndiye aliyeendesha basi dogo la kwaya.

Udereva aliuanza ukubwani, na aliuanza kwa hasira. Zamani usharika ulikuwa ukikodi dereva. Siku moja dereva huyo alifungua madirisha yote kutoka Lushoto mpaka Korogwe, vumbi na upepo vikatuingia kooni, tukashuka kuimba tukiwa kama vyura wa bondeni. Mwalimu hakugomba. Aliporudi alikwenda kujifunza kuendesha, akapata leseni, akaja nayo mazoezini na kutuonyesha kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. "Kuanzia leo," alisema, "koo zenu nitazibeba mwenyewe."

Sheria za basi zilikuwa ngumu kuliko za kanisani. Wakati wa kwenda, hakuna kufungua dirisha upande wa upepo, hakuna soda ya baridi, hakuna umbea wa kupaza sauti. Wakati wa kurudi ulikuwa ulimwengu mwingine. Tukishaimba na kushuka jukwaani, yeye mwenyewe ndiye aliyeanzisha nyimbo za harusi, akipiga usukani kwa kiganja, na mtu akitaka kula ndizi, pichesi au samaki wa kukaanga, ale tu. Wageni waliopanda nasi safari ya kurudi walisema tuna mwalimu mcheshi. Waliopanda safari ya kwenda walimwonea huruma mkewe.

Kuhusu saa, sijaona mtu wa ajabu kama yeye. Alitangaza kwamba mlango wa mazoezi unafungwa saa kumi kamili. Lakini yeye hakuweza kumpita mtu njiani bila kumsalimia, kumuulizia ng'ombe wake na kumuulizia mguu wa mama yake, kwa hiyo mara nyingi alifika wa mwisho. Akifika, alifunga mlango nyuma yake, akatutazama sisi tuliokaa tunamsubiri, akasema kwa uchungu, "Watu wa Lushoto hawajali muda." Tulijibu, "Kweli, Mwalimu."

Sikio lake lilikuwa na sifa mpaka Mlalo. Katikati ya wimbo, watu arobaini wakiimba kwa nguvu zote, alinyanyua kidole, tukanyamaza, akamtazama mtu mmoja kule nyuma na kusema, "Wewe umekula karanga." Na huyo mtu alikuwa amekula karanga. Injini nayo aliisikiliza vivyo hivyo. Alikuwa akisimama katikati ya mlima, akazima redio, akainamisha kichwa, akasema silinda moja inaimba chini. Tukirudi, Fundi alifungua na kukuta plagi imechoka.

Fundi huyo alikuwa na gereji mkabala na duka langu la simu. Ni Mwislamu, mtu wa ibada zake, na ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Mwalimu, ingawa ukiwasikia wakiongea ungekimbia kuita mjumbe. Basi la kwaya lilikuwa na tabia ya kuharibika Ijumaa adhuhuri, Fundi anapojiandaa kwenda msikitini.

"Mwalimu, basi lako limesilimu," alisema Fundi. "Kila Ijumaa linakataa kazi."

"Limeona unavyofunga boliti, Shehe, likaanza kusali."

Sasa nije kwenye kishikwambi.

Lazima mjue kwanza kwamba Mwalimu alizichukia simu. Mlangoni pa mazoezi palikuwa na kapu la kuziweka. Simu ikiita ndani ya kapu, mwenye nayo alisimama mbele na kuuimba mlio wake peke yake, mwanzo hadi mwisho. Mzee mmoja wa sauti ya nne aliimba mlio wa jogoo, na hakurudia kosa. Kwa hiyo siku Mwalimu alipoingia dukani kwangu na kuuliza vishikwambi, nilidhani anamnunulia mjukuu.

"Ni cha basi," alisema. "Nataka kuiona injini wakati naendesha. Joto la maji, mizunguko, umeme wa betri. Nimeona kwa dereva mmoja kule Muheza. Kuna kidude unachomeka kwenye tundu chini ya usukani, pale mafundi wanapochomeka mashine zao za kupimia, kinatuma habari kwenye kioo."

Fundi, aliyekuwa amevuka barabara kuja kunywa chai yangu kama kawaida yake, aliingilia. "Geji ya joto nikikutengenezea si inatosha?"

"Geji yako imelala kwenye baridi tangu tununue hilo basi."

"Haijalala. Imepumzika."

Nikatoa kishikwambi kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, cha inchi kumi, kioo kinang'aa kama maji ya kisima. Mwalimu alikinyanyua mbele ya uso wake kama kitabu cha nyimbo, akafumba jicho moja.

"Hiki kitanificha kona zote za Soni. Nitaiona injini, nisilione lori linalokuja. Leta kidogo."

Nikaleta viwili vya inchi saba. Nikaanza kumweleza habari za kamera. Alinikatiza. "Injini haipigwi picha. Twende juani."

Tukatoka. Ilikuwa siku ya soko, watu wanashuka na mizigo ya karoti na hoho, nasi watatu tumesimama katikati ya njia tukivinyanyua vishikwambi juu kama watu wanaotafuta mtandao. Cha kwanza, jua lilipokigonga, kikageuka kioo cha kujitazamia. Mwalimu aliona ndevu zake tu. Cha pili namba zilisomeka, kwa shida. "Huyu anajitahidi," alisema, kama alivyokuwa akiwasema waimbaji wapya. Nikakibandika karatasi ya plastiki isiyong'aa juu ya kioo, ile ya kuzuia mwako wa jua, tukajaribu tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza mazoezi yalikuwa yanaanza. Alikiweka juu ya dashibodi ya basi, madirisha yamefungwa, jua linachoma, akatuambia turudi tukanywe chai. Tuliporudi kishikwambi kilikuwa kimejizima, kimeandika kwamba kimepata joto mno, kiachwe kipoe.

"Kama joto la Lushoto kimeshindwa," alisema Mwalimu, "Mombo kitatapika."

Kwa hiyo tukarudi mwanzo. Mwisho kilichochaguliwa kilikuwa cha inchi nane, kizito kidogo, kimeshatumika, mgongo wake wa chuma. Hakikuwa na urembo wowote. Juani kilisomeka. Kwenye dashibodi kilipata moto lakini hakikuzima. Nilipokichomeka kwenye chaja ya gari huku kioo kimewaka, chaji iliendelea kupanda badala ya kushuka, na hilo nalo Mwalimu alilisimamia mwenyewe, macho kwenye asilimia kama mtu anayengoja uji uchemke. Laini ya simu hakitaki, wala bando. Kile kidude kinaongea nacho kwa blututhi tu, hata msituni Magamba ambako mtandao hufa. Fundi alikataa vile vikombe vya mpira vya kukishikilia kwa kunata kwenye kioo cha mbele. "Barabara ya Mlalo itakibandua, kimwangukie mtu miguuni." Akachonga kipande cha chuma, akakifunga kwa boliti kando ya usukani, chini, mahali ambapo jicho linafika na kurudi barabarani haraka kama linavyofika kwenye kioo cha pembeni.

Nikapanga programu. Mwalimu alitaka namba moja kubwa katikati, joto la maji, na nyingine ndogo pembeni. Nikamwekea: hali ikiwa njema, kioo chote kijani, joto likipita mia, kioo chote chekundu.

"Sasa niweke na king'ora," nikasema. "Macho yako yabaki barabarani, likichemka kipige kelele."

"Sitaki king'ora."

"Mwalimu, ukiwa kwenye kona kali huwezi kukitazama. Mlio ndio utakaokusaidia."

"Nataka rangi."

"Viwe vyote viwili basi."

Akanitazama kwa lile jicho la karanga. "Sauti ya Pili, nani anaongoza hapa?"

Nikaizima milio yote. Nilijisemea, huyu na chuki yake ya simu, hata injini ikiungua hataki iite.

Kuanzia hapo kishikwambi kikawa mfano wake wa kila jambo. Mtu akishindwa kufika juu kwenye wimbo, Mwalimu alisema, "Basi limepanda mlima mzima kwa themanini na nane bila kutoa jasho. Wewe unachemka kwenye mstari wa pili?" Sauti ya tatu wakichoka, aliwauliza kama betri zao zinachajiwa nyumbani. Tulicheka, lakini tulikuwa tunaona pia kwamba siku hizi kidole hakinyanyuliwi sana, na kwamba anapotufundisha anasogea karibu mno, anatutazama midomo mpaka mtu anaona haya.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kurudi kutoka Amani, tulikoalikwa kuimba. Tulikuwa tumeimba vizuri, tumekula, tumebeba iliki za zawadi, na basi zima lilinukia kama chai ya sikukuu. Tulipita Muheza, Korogwe, na mchana ulikuwa bado mweupe tulipofika Mombo na kuanza kuupanda mlima.

Hapo mbele ya basi pakaanza kulia kitu. Mlio mwembamba, mkali, unaokata na kurudi, kila Mwalimu anapokanyaga mafuta. Tulitazamana. Sauti ya tatu wakaacha kuimba. Mama mmoja aliziba masikio kwa kitenge. Mwalimu alikuwa ameshika usukani, anapiga mdundo kwa kiganja, ametulia kabisa. Nasi tukatulia kwa sababu yake. Mtu anayesikia karanga mdomoni mwa mwenzako ataacha kusikia hilo? Tulijua ameshalisikia, ameshalipima, ameona si kitu.

Tulikuwa hatujafika Soni kioo cha kishikwambi kilipogeuka chekundu. Niliketi kiti cha pili, nilikiona kikibadilika. Mwalimu naye alikiona papo hapo. Hakufunga breki kwa kishindo. Alitafuta mahali palipopanuka kando ya barabara, upande wa mlima, akaegesha, akazima injini, akatuambia tushuke wote na mawe yawekwe kwenye matairi. Mvuke ulikuwa unatoka mbele. Alitukataza kugusa mfuniko wa rejeta. Akaniambia nimpigie Fundi.

Fundi alikuja kwa bodaboda na mfuko wa spea mgongoni. Aliinama kwenye injini, akagusa, akatoa mkanda wa feni umekwisha, umekuwa laini unang'aa kama utepe wa shuka.

"Huu ulikuwa unateleza, hauzungushi pampu ya maji vizuri," alisema. "Umezima wakati mzuri, Mwalimu. Ungeenda mbele kidogo tu, gasketi ingeungua, tungekuwa tunaongea mengine." Halafu akaugeuza ule mkanda mkononi. "Lakini huu haufi kimya. Umeanza kulia wapi?"

"Haukulia," alisema Mwalimu.

Maji ya mto yalikuwa yanasikika huko bondeni, yaani tuliyasikia sisi.

"Umelia tangu Mombo, Mwalimu," alisema mzee wa sauti ya nne, kwa upole. "Umelia kama mbuzi."

Mwalimu alimtazama yule mzee. Akatutazama na sisi, mmoja mmoja, kama anatafuta aliyekosea. Nilipofikiwa na macho yake nikaelewa kwa nini alitaka rangi, na nikaona kwamba ameona nimeelewa.

Fundi alifunga mkanda mpya, akajaza maji. Alipomaliza, Mwalimu alitoa ufunguo mfukoni, akamwekea mkononi.

"Endesha, Shehe."

"Mimi?"

"Una leseni. Endesha."

Basi likapanda kuelekea Lushoto, Fundi akiwa kwenye usukani na Mwalimu kando yake. Baada ya kona kadhaa Fundi akapaza sauti, "Jamani, mimi nimeacha kazi zangu. Nilitegemea nitaimbiwa bure!" Mama mwenye kitenge akaanzisha, tukaingia. Na Mwalimu, bila kugeuka, alikuwa anasoma kioo: "Themanini na sita. Themanini na saba. Nenda."

Mazoezi yaliyofuata alifika kabla ya saa kumi. Hilo peke yake lilituogopesha. Alisimama mbele yetu, mikono mifukoni.

"Sikio la kulia limeshakufa," alisema. "La kushoto linaaga. Siku nyingi sasa siwasikii, nawaona. Naona midomo, naona shingo, nakisia. Nilidhani gari nitalimudu kwa macho, ndiyo maana ya kile kioo, nacho kimenisaidia. Lakini nimebeba watu thelathini mlimani, kitu kinalia mbele ya pua yangu, na mimi naimba. Nimeogopa. Ufunguo nimerudisha usharikani. Tafuteni na mwalimu mwingine."

Mama wa kitenge akasimama. "Mwalimu, nikuulize. Mwaka huu tumeimba vibaya kuliko zamani?"

"Si ndiyo ninachowaambia? Sijui!"

Kicheko kilimtoka mtu mmoja nyuma, akajaribu kukimeza, kikawaambukiza wengine, mpaka Mwalimu mwenyewe akageukia ukutani mabega yakitikisika. Hakuna aliyetafuta mwalimu mwingine. Tulimpa msaidizi wa kumsikilizia, na kijana wa sauti ya nne mwenye leseni akapewa usukani. Mwalimu alibaki na kiti cha mbele na kishikwambi. Alisoma joto kwa sauti ya kuhubiri kutoka Lushoto mpaka tunakokwenda, na yule kijana aliniambia afadhali king'ora.

Baadaye nilihamishia duka Korogwe, na Mwalimu akastaafu, akarudi shambani kwake upande wa Mlalo. Nilisikia kwamba watoto wake wamempeleka hospitali, amepewa vifaa vya masikioni. Msimu wa matunda uliopita nilipanda kwenda kumwona.

Nilimkuta barazani, amevaa koti lilelile. Nikamwamkia kwa kupaza sauti kama nilivyozoea.

"Marahaba, usinipigie kelele," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, mpaka ikabidi nisogeze kiti. Alinionyesha vile vifaa nyuma ya masikio, kisha akaanza kulalamika. Dunia imejaa fujo. Mvua kwenye bati ni vurugu. Kuku wanasengenyana tangu alfajiri. Watu wanakoroga chai kama wanachimba kisima. Nilicheka, naye akafurahi kwamba nimecheka, na kwamba amekisikia kicheko chenyewe.

Mkewe alituletea chai na mapeasi, tukasalimiana, akarudi jikoni. Muda si mrefu tukamsikia anaimba. Ulikuwa wimbo wa kawaida wa kanisani, ule ambao kila mtu wa huku anaujua tangu Shule ya Jumapili. Yule mama hakuwahi kuwa kwenye kwaya. Nilipofikiri vizuri niliona kwamba sijawahi hata kumsikia akiimba.

Mwalimu aliinama kwangu. "Unamsikia?"

"Namsikia."

"Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuimba mbele yangu. Aliogopa nitamsahihisha. Nilipokuwa kiziwi ndipo akaanza, akazoea. Anajua nina hivi vifaa. Hajui kwamba vinafika jikoni."

"Anaimbaje, Mwalimu?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia jinsi anavyoimba. Mwalimu alifikiri kwanza, kichwa kimeinama upande.

"Anashuka," alisema. "Kila mwisho wa mstari anashuka. Na ule wa tatu anaubuni."

Tukanyamaza. Kule jikoni wimbo nao ukapungua, ukasita, kama mtu anayeinua kichwa kutega sikio. Mwalimu akanigusa mkono haraka.

"Ongea," akaninong'oneza. "Ongea chochote. Tukikaa kimya atajua."

Nikaongea. Nilimweleza habari za Korogwe, bei ya chaja, joto la kule, wateja wanaorudisha simu zilizoangukia kwenye mchuzi. Wimbo ulirudi, ukashika ubeti wa pili. Mwalimu alinitazama usoni, akaitikia kwa kichwa kila nilipotua, akasema, "Enhee, ikawaje?" na sina shaka kwamba hakusikia hata neno moja nililomwambia.